Yule Mama Asiyesalimiwa

Jana asubuhi nilipita kando ya mto nikienda kazini, na harufu ya tope linalokauka ikanisimamisha. Si harufu mbaya. Ni harufu ya maji yanaporudi nyuma na kuacha kingo wazi, majani yaliyooza kidogo, mchanga uliolowa, na moshi wa mtu anayebanika samaki mahali usipopaona. Kindu hunuka hivyo mwanzoni mwa kiangazi tu. Nilisimama na mkoba begani kama mtu aliyesahau anakokwenda, nikajua kwamba siku ile nitafanya kazi nusunusu. Kila mwaka harufu hiyo huniletea watu ambao sikuwaita.

Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka baridi yetu. Wageni hucheka tukisema Kindu kuna baridi, wao wanaona jua na michikichi tu. Lakini asubuhi za kiangazi ukungu hulala juu ya Lualaba hata ng'ambo haionekani, na mtumbwi hutokea ghafla mbele yako kama kitu kilichoumbwa saa hiyo hiyo. Sauti ya mwadhini ilikuwa ikikwaruza. Wanawake walifunga kikwembe cha pili mabegani, na wanaume walitoa makoti ya mitumba yaliyotengenezwa kwa ajili ya theluji ya watu wengine. Sisi watoto tulizunguka mbabula, jiko la makaa ambalo Baba alikuwa ametuundia kwa bati, tukanyoosha mikono, tukangoja chai ya mchaichai. Hakuna kitu nilichokipenda kuliko kuona pumzi yangu ikitoka mdomoni kama moshi. Nilijiona mtu mzima.

Kisha vita vikafika, na kiangazi kikaendelea kuja vilevile, maana hakikuambiwa.

Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli. Treni ilipoacha kuja aliendelea kwenda kazini kila asubuhi, amevaa koti lake la buluu, kwenda kuketi na wenzake juu ya reli zilizokuwa zinaota nyasi. Nilidhani treni imechelewa. Jioni nilimwuliza kama imefika, naye alisema, "Bado, mutoto," kwa upole uleule, mpaka siku moja Mama akanivuta pembeni na kuniambia nisimuulize tena. Mdogo wangu Amani alikuwa amekwisha kufa kwa homa, mvua zilizotangulia, siku ambazo hapakuwa na dawa mjini hata ya kuonyesha. Mashamba yalikuwa nje ya mji, na nje ya mji kulikuwa na wapiganaji wa msituni. Ndani ya mji walikuwa askari waliokuwa wakipigana nao. Sisi tulikuwa katikati, tukila sombe, yaani kisamvu, bila mafuta, na siku nyingine matembele bila kitu. Chumvi ililetwa na ndege, na iliuzwa kana kwamba ni dawa.

Ndiyo maana kiangazi kile, maji yaliposhuka na mchanga ukaibuka katikati ya mto, watu wa mtaani kwetu walitazama kule kama watu wanaotazama sahani. Palikuwa pakubwa, peupe, parefu kama barabara. Tulipaita Mchangani tu. Kutoka upande wetu uliweza kufika kwa miguu, maji yakiwa magotini. Kutoka ng'ambo walikuja kwa mitumbwi. Mkubwa wa askari aliruhusu wanawake washuke mchana kufua nguo na kubadilishana vitu na wanawake wa ng'ambo, kwa kuwa hata askari hula mihogo. Lakini kupeana habari kulikatazwa. Mtu mwenye ndugu ng'ambo alihesabiwa kuwa ni macho ya watu wa msituni, na wanaume wa mtaani kwetu walikwisha kuchukuliwa kwa neno hilo, na hawakurudi.

Haya nayajua leo. Wakati ule nilijua kwamba shule imefungwa, kwamba Mama hanitumi tena kuchota maji peke yangu, na kwamba kila asubuhi, ukungu ukianza kupasuka, tunakwenda Mchangani. Nilidhani ni likizo. Nilidhani wakubwa wamekubaliana kwamba, kwa kuwa kazi hakuna, basi twende tukapumzike mtoni.

Na kweli palikuwa pazuri, nisiseme uongo. Asubuhi mchanga ulikuwa baridi, ukikanyaga unakunja vidole. Saa za adhuhuri ulipata joto juu tu, chini bado baridi, na sisi watoto tulichimba mashimo, tukazika miguu yetu hadi magotini, tukakaa hivyo kama vigogo vilivyooteshwa. Maji ya pembeni yalikuwa safi hata uliweza kuona samaki wadogo wakikugusa vifundoni. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa moshi wa nyasi zilizochomwa mbali, na majivu mepesi yalishuka juu ya nguo zilizoanikwa. Wanawake waliimba kidogo, wakanyamaza, wakaimba tena. Wengine walilala wameketi, nguo iliyopakwa sabuni ikiwa bado mkononi. Nilidhani wanalala kwa raha.

Kulikuwa na mama mmoja wa ng'ambo aliyekuja karibu kila siku. Alikuwa mwembamba, mrefu, na kitambaa cha kichwa cha njano kilichofifia. Siku ya kwanza alipita karibu nasi na beseni lake, nami nikafungua kinywa kumwamkia kama nilivyofundishwa kumwamkia kila mtu mzima, hata kichaa wa sokoni. Mama akanibana mkono.

"Ule mama usimusalimie," akasema taratibu, bila kuinua macho.

"Juu ya nini?"

"Juu mi nimesema."

Mnajua jinsi tulivyolelewa. Nyumbani kwetu, mtoto aliyepita mbele ya mtu mzima bila salamu aliitwa arudi, apite tena. Kukatazwa kumsalimia mtu! Sikuwa nimewahi kusikia. Nilikaa nalo jambo hilo siku nzima, na kabla jua halijageuka nilikuwa nimepata jibu: yule alikuwa adui wa mama yangu.

Tangu hapo niliwatazama. Kila siku yule mama aliweka beseni lake karibu na la Mama, lakini alimpa mgongo. Mama naye alimpa mgongo. Walifua hivyo, mgongo kwa mgongo, kila mmoja akitazama upande wake wa mto, na midomo yao ilicheza. Nikikaribia, walinyamaza. Mara nyingine sauti ya Mama ilipanda kidogo, kavu, kama anapomgombeza mtu, na mabega ya yule mwingine yakasimama kufua. Wakati wa kuondoka, fundo la chumvi la Mama lilikuwa limehamia upande wa pili, na majani ya mihogo au samaki wakavu walikuwa ndani ya beseni letu, chini ya nguo. Sikuona lini. Na njiani, maji yakiwa magotini, Mama alitembea mbele yangu akijifuta macho kwa ncha ya kikwembe.

Nilimchukia yule mama kwa moyo wote. Nilikula samaki wake na nikamchukia. Nilikuwa nikikaa juu ya mchanga na kumkazia macho, nikitumaini atajikwaa. Yeye alinitazama pia, kwa kuibia, kuanzia miguuni mpaka kichwani, akikawia kwenye mikono yangu na mbavu zangu. Nilidhani ananiloga.

Kiangazi kilipokuwa kinakaribia kuisha, upepo ukiwa umeanza kubadilika, askari mmoja alivuka akaja Mchangani. Alikuwa kijana, amevaa pulova ya kijani iliyompwaya, bunduki imeninginia begani kama jembe. Hakwenda kwa wanawake. Alikuja moja kwa moja kwetu watoto, akachuchumaa. Wanawake wote waliendelea kufua, lakini hakuna aliyekuwa anaimba.

"We, mutoto ya nani?" akaniuliza.

Nikamwonyesha Mama kwa kidole.

"Mama yako anazungumuzaga na nani hapa?"

Nilifikiri. Nilikuwa nimeambiwa nisiseme uongo, na nilimwogopa.

"Na ule," nikasema, nikamwonyesha yule mama wa kitambaa cha njano.

Nilimwona Mama. Hakugeuka, lakini mikono yake ilisimama ndani ya beseni, na povu likatulia. Sasa nina watoto wangu mwenyewe, na nikikumbuka mikono ile iliyosimama huwa natafuta mahali pa kukaa.

"Ule njo ndugu yenu?" askari akauliza. "Muntu moja aliniambia hapa iko wandugu wawili, moja wa huku, moja wa kule."

"Hapana. Njo adui ya Mama."

"Adui?"

"Hawasalimianagi. Hata kuangaliana hawaangaliani. Mama ananikatalia kumusalimia. Wanagombanaga kila siku, halafu Mama analiaga."

Askari akacheka, kicheko cha kweli cha mtu aliyekuwa hajacheka siku nyingi, akainuka akipangusa mchanga magotini. Aliwaendea.

"Wamama," akasema, "mutoto anasema nyinyi muko na magomvi. Ni juu ya bwana?"

Yule mama wa ng'ambo alikuwa anatazama maji.

"Vita ya wakubwa haitoshi? Simameni. Mushikane mikono, mimi nikiona. Mutoto asikuwe na roho ya adui."

Mama alisimama polepole, mikono ikidondosha povu. Yule mama akasimama. Kwa mara ya kwanza niliwaona uso kwa uso, na nikaona walikuwa na paji moja la uso, lakini sikufanya lolote na jambo hilo. Mtoto huona na kuacha. Walishikana mikono. Vidole vyao vilikuwa vimekunjamana kwa maji. Hawakuachiana. Nilingoja mmoja alie, kwa maana niliamini wanabanana vidole kwa chuki. Kisha yule mama alisogeza midomo, akasema neno fupi sana. Mama akaitikia kwa kichwa. Askari akasema, "Njo vile," akaondoka zake akiwa bado anatabasamu, kama mtu aliyefanya kazi nzuri.

Siku ile Mama hakulia njiani. Alinibeba, ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea, na mapigo ya moyo wake yalikuwa yananigonga ubavuni mpaka nyumbani. Usiku huohuo nilimweleza Baba kwamba nimewapatanisha Mama na adui yake. Baba alimtazama Mama, Mama akatazama moto, na hakuna aliyenisifu. Nilikasirika kidogo.

Haukupita muda mvua zikaanza. Maji yalipanda, Mchangani pakawa pembamba, pakawa mstari, pakazama. Mama alishuka mtoni siku kadhaa akasimama ukingoni na beseni tupu, akarudi. Tulisikia milio upande wa ng'ambo, na moshi, tena si ule wa nyasi. Mimi nililia kwa sababu likizo ilikuwa imekwisha.

Sitasimulia jinsi vita vilivyotulia. Kila mmoja wetu ana yake, na zote zinachosha. Siku moja tu ilisemekana kwamba watu wanavuka. Nilikuwa nimerefuka, nimeanza tena masomo. Nilikuwa mlangoni nikipepeta mchele, zawadi ya jirani, nilipomwona anakuja njiani na kikapu kichwani. Alikuwa amekonda zaidi, lakini nilimjua kwa mwendo. Nikakimbilia ndani.

"Mama, adui yako amekuja."

Mama alitoka. Alimwona. Akaketi chini palepale kizingitini, na yule mama akaweka kikapu chini akaketi mbele yake kwenye vumbi, wakashikana, na sauti iliyotoka kwao sikujua ni ya nani.

Baadaye Mama aliniita. "Mujinga we," akasema huku akijifuta pua. "Huyu njo Zuhura, mudogo wangu. Njo mama yako mudogo. Aliolewa ng'ambo ukiwa mutoto wa mugongoni. Ningekwambia, ungemwita mbele ya watu wote."

Mama mdogo Zuhura alinitazama kama alivyokuwa akinitazama Mchangani, miguuni mpaka kichwani. "Jambo, adui yangu," akasema. Alicheka, na meno yake ya mbele hayakuwapo.

Nilimpigia magoti, nikamwamkia kwa salamu zote nilizokuwa nimemnyima. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba ana watoto wawili, mmoja wa umri wangu, nikauliza wako wapi.

"Wamebakia musituni," akasema.

Nami nilielewa kwamba wamebaki huko wakicheza, wakiishi na watu wengine, wakila matunda. Kwa muda mrefu niliwangoja. Niliweka hata kanga ya kulalia kwa ajili ya binti yake. Siku moja nilimwuliza Baba watarudi lini, naye akaniambia, "Bado, mutoto," na ni hapo, kwa kusikia sauti ile, nilipoelewa.

Mama mdogo hakurudi kijijini. Alipata nyumba ndogo Alunguli, ng'ambo ya mji, akauza samaki wakavu na mafuta ya mawese. Nilikua kati ya nyumba hizo mbili. Alinifundisha kukaanga samaki bila kuwavunja. Alikuja nilipoolewa, alikuja nilipojifungua, na mara zote alileta chakula kingi kupita kiasi, akasimama mpaka aone sahani imekwisha. Baba alipofariki, Mama mdogo alilala na Mama chumba kimoja mpaka siku za huzuni zikaisha. Walipika pamoja, walichekana, walisemana juu ya chumvi iliyozidi. Ukiwaona ungesema hawa hawana deni la neno lolote.

Kiangazi cha mwaka jana Mama mdogo aliugua kifua, na baridi haikumsamehe. Tulimzika Alunguli asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya makaburi, wanaume wakishusha mwili na sisi wanawake tukingoja nyumbani na beseni za maji. Matanga yalipokwisha nilimchukua Mama tuvuke kurudi. Mtumbwi ulikuwa na injini ndogo iliyokuwa ikikohoa, na mwenye mtumbwi alitupa nafasi ya mbele tusilowe. Mchanga ulikuwa umeibuka, mdogo kuliko zamani, na watu walikuwa wanafua.

Nilisema kitu cha kumfariji. Nilisema yule askari alitusaidia bila kujua, na kwamba angalau walishikana mikono siku ile.

"Lakini tulikuwa tunagombana kweli," Mama akasema.

"Nani?"

"Mi na Zuhura. We ulisema kweli, hukumudanganya yule musoda."

Injini ilikohoa, ikashika tena.

"Mulikuwa munagombania nini?"

"We." Alikuwa anatazama mikono yake. "Alikuwa anakuomba. Kila siku, neno moja tu: Yaya, dada yangu, unipe Sakina, kwetu iko mihogo, iko samaki, huyu mutoto ataisha hapo mujini. Nikakataa. Akasema niko na kiburi. Mi nikamwambia ye hajazika mutoto, hajui kitu. Njo maneno nilimwambia ndugu yangu, mugongo kwa mugongo."

"Na siku ile alikwambia nini? Niliona midomo."

"Alisema, 'Basi, Yaya. Bakia naye.' Njo ile tu. Hakuniomba tena. Kisha mvua ikanyesha, na watu ya kule wakakimbilia musituni, na watoto wake..."

Sikutaka amalize. Niliona sahani zote ambazo Mama mdogo alisimama akingoja nizimalize, na sikuweza kuzitazama.

"Miaka yote hii," Mama akasema, "hakuniambia hata mara moja kama nilifanya vizuri ao vibaya. Na mi sikuuliza. Nilikuwa naogopa atajibu."

Mtumbwi uligusa ukingo. Miguu ya Mama ilikuwa imekufa ganzi, ikabidi nimshike makwapa nimwinue, na nilishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Kutoka majini mpaka barabarani ni mwinuko mkali, tope juu, mchanga chini. Tulipanda tukipumzika. Katikati alisimama, akaniegemea kwa uzito wake wote ule mdogo.

"Umechoka, Mama?"

"Toka zamani," akasema, na akanyoosha mguu kutafuta mahali pa kukanyaga.